Bata Kwenye Cheti cha Ndoa

Chokaa mbichi inanuka kama mvua iliyofungiwa ndani ya nyumba. Juzi kijana mmoja alikuja kupiga lipu ukuta wa jikoni kwangu. Alipofungua mfuko wake na kumwaga maji, mimi, mtu mzima mwenye mtoto na funguo za gari, nikashika tumbo. Kijana akaniuliza kwa adabu kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni harufu tu, piga kazi. Lakini jioni nilimpigia Mama simu, na kabla sijasema la maana akauliza, "Bata ametua wapi leo?" Kwetu ndivyo tunavyoulizana mtu akiwa na jambo moyoni halisemi. Wengine wamerithi mashamba, sisi tumerithi bata. Ngojeni niwaeleze alikotoka.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Sparkhill, huko Uingereza, mimi na Mama, chumba cha juu katika nyumba iliyobanana na jirani zake pande zote mbili, basi zikipita Stratford Road hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Mama alikuwa akitunza wazee kwenye makao yao. Baba alibaki Nakuru. Kila Jumapili baada ya kanisa tulimpigia simu, yeye akiniuliza kwa Kiswahili, mimi nikimjibu kwa Kiingereza, naye anacheka na kuuliza kama Mzungu wake amekula. Ninyi mliolelewa na simu mnanielewa. Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea, haki ya Mungu, na hilo lilinitia hofu ambayo sikumwambia mtu. Kilichobaki wazi kilikuwa kidole gumba chake cha mkono wa kulia: kipana, ukucha umepasuka katikati tangu siku mlango wa gari ulipokibana. Kwa kidole hicho alikuwa akinipangusa machozi, na kilikwaruza.

Kila nikiuliza anakuja lini, Mama alijibu vilevile. Karibu. Imebaki muhuri tu.

Sasa mimi muhuri nilikuwa naujua. Kabla hatujasafiri Mama alinipeleka ofisi ya chifu, tukakaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mwishowe chifu akavuta droo, akatoa kitu chenye kishikio cha mbao, akakipulizia pumzi, akakigonga kwenye wino, halafu kwenye karatasi yetu, du! Meza ikaruka, na Mama akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi. Tukapanda ndege. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa rahisi: kinachombeba mtu angani ni muhuri, ndege inasaidia tu.

Karatasi zetu zilikaa ndani ya mkoba mweusi wa Mama. Cheti chao cha ndoa, barua ya kazini, picha za harusi, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Mkoba ulikwenda naye kazini, kanisani, kufua nguo, na nadhani hata chooni. Nyumba ya watu wengi haina kabati la siri, alisema. Cheti kile kilikuwa kisafirishwe Kenya, Baba akipeleke mwenyewe pamoja na maombi yake ya viza. Na kama mnavyojua, sisi karatasi ya maana hatuitii posta. Karatasi ya maana hupewa mtu anayesafiri, aishike mkononi, tena mtu wa kanisani. Mtu huyo alikuwa Mama Shiru, aliyekuwa akienda kumzika mjomba wake.

Jumamosi, Mama akiwa hana shifti, tulikuwa tunakwenda shambani. Nasema shambani kwa sababu ndivyo walivyopaita. Ukweli ni kwamba ukishuka kwenye basi ulipita kituo cha mafuta, ukapita duka la mazulia, na hapo katikati ya nyumba za watu ukakuta nyumba moja kongwe ya wakulima wa zamani, imepinda kama mzee mwenye kiuno kibovu, na kipande cha nyasi kimeizunguka. Mama alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini shamba gani hili halina hata mahindi. Nyumba ilikuwa ikianguka, na watu wa mtaa walikuwa wamejitolea kuifufua. Mama alijiunga kwa hesabu zake mwenyewe: mtu asiyejulikana na mtu, barua yake ya viza itasomwa na nani?

Siku hiyo ya kwanza walitupeleka kwenye ukuta uliobomoka kuonyesha ulivyojengwa. Ndani kulikuwa na boriti, na katikati ya boriti, fito zilizosukwa, zimekandikwa udongo uliochanganywa na manyasi na kinyesi cha ng'ombe. Mama alicheka hadi akashika mlango. Wale wazee wa Kizungu walikuwa wamesoma kitabu ili wajue udongo unachanganywaje, na yeye alikuwa ameukanyaga tangu utotoni nyumbani kwa nyanya yangu. Akavua viatu, akapandisha sketi, akaingia kwenye lile dimbwi la udongo na kuanza kuukanyaga kwa visigino, polepole, kama mtu anayejua. Baada ya hapo hakuna aliyekandika ukuta pale bila kumuuliza. Akirudi nyumbani alikuwa akinung'unika: "Nimepanda ndege saa nane nzima nije kukandika nyumba ya udongo." Lakini alikuwa akinung'unika huku anaimba.

Aliyesimamia mbao alikuwa Fundi Gurdev, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na penseli nyuma ya sikio. Alizaliwa Kisumu na kukulia huko, babake akiwa seremala wa reli, na Kiswahili chake kilinishinda mimi kwa mbali. Hakuwa mpole. Ukikanyaga ubao wake ulikiona cha mtema kuni. Lakini mimi alinipenda kidogo, kwa sababu nilinyamaza na kumpa misumari mmoja mmoja.

Ili watoto tusiingie chini ya majukwaa ya mafundi, wale watu wa shamba walituanzishia mchezo wa visanduku. Kila mtoto alichonga muhuri wake mdogo kutoka kwa raba ya kufutia. Wangu ulikusudiwa kuwa twiga, ukatoka kama kiti. Halafu tulipewa mafumbo kwenye karatasi: hesabu hatua kumi kutoka kisimani, tazama panapolala bundi, ingiza mkono nyuma ya tofali lisilo na rafiki. Ukilifumbua fumbo ulipata kisanduku cha plastiki, na ndani yake mna kidaftari, wino na muhuri. Muhuri wa kisanduku uliugonga kwenye daftari lako, na wako kwenye daftari la kisanduku, kuonyesha kwamba umefika. Kisha ulifunika na kurudisha palepale, kimya, asione mtu.

Niambieni, mtoto wa miaka minane mwenye babake Nakuru afikirie nini? Nilisimama kisimani na yote yakanifungukia. Kumbe ndiyo sababu imechukua muda mrefu hivi! Waingereza mihuri yao wameificha. Haikai kwenye droo kama ya chifu. Unapewa fumbo, unahesabu hatua, unatafuta, na Baba atatafutaje naye yuko Nakuru? Na Mama anashinda kazini, saa ngapi atahesabu hatua? Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

Nilipata muhuri wa kiatu, nikapata wa bundi, nikapata wa ufunguo. Nikaiona midogo, haitoshi kumbeba mtu. Kisanduku cha mwisho kilikuwa ndani ya tanuri la kale la mkate, jikoni, nyuma ya tofali lililolegea. Fundi Gurdev mwenyewe ndiye aliyeuchonga muhuri wake, kishikio cha mbao ngumu, mkubwa kama kiganja changu. Nilipoujaribu kwenye daftari langu alitokea bata bukini, shingo juu, kifua mbele, kila unyoya unahesabika. Nikajua ndio huo. Ulikuwa na kishikio kama cha chifu.

Mama alikuwa nje akikandika, mkoba wake mweusi chini ya benchi la jikoni, umefunikwa koti. Usiku uliotangulia alikuwa amekagua karatasi zote mara tatu na kuzifunga. Nilifungua zipu jino kwa jino. Nikatoa cheti cha ndoa, nikakilaza sakafuni, nikaupulizia muhuri pumzi, nikagonga kwa mikono miwili. Du! Bata akasimama pembeni mwa sahihi ya msajili, mweusi, ananing'aria. Halafu, kwa kuwa sheria ya mchezo ilidai mihuri miwili, nikaongeza na twiga wangu. Nikapuliza wino ukauke, nikarudisha kila kitu. Sijawahi kujisikia mtu mwema kiasi kile, kabla wala baada.

Kesho yake, baada ya ibada, Mama alimkabidhi Mama Shiru bahasha, imezungushiwa selotepu kama mzigo wa dhahabu. Nilisimama kati yao nikitabasamu peke yangu. Mama akaanza maagizo. Usiikunje. Usiiweke kwenye sanduku la chini, ishike mkononi. Mwambie asiifungue mpaka ile Alhamisi ya miadi yake, mikono ya mtu ina mafuta. "Hicho cheti kikiwa na alama hata moja isiyo yake watasema tumeghushi," alisema Mama. "Na wakisema tumeghushi, ni miaka kumi. Miaka kumi, Mama Shiru, hawatazami hata jina lake."

Tabasamu likanikaukia mdomoni. Nilitazama ile bahasha ikiingia kwenye mkoba wa Mama Shiru. Mama Shiru akaniinamia, akanibusu, akaenda zake uwanja wa ndege na bata wangu.

Wiki hiyo hesabu ilikuwa moja tu. Minane na kumi ni kumi na minane. Nilipiga hesabu hiyo darasani, kwenye basi, kwenye beseni la kuogea. Ningekuwa mtu mzima, ningekuwa na matiti, na Baba angekuwa bado kwenye simu akiuliza kama nimekula. Sura yake ingekuwa imekwisha kabisa kichwani mwangu, na ukucha uliopasuka pia. Mama alipika chapati Jumatano nikala robo, akanigusa paji la uso, akasema homa hakuna. Mara tatu nilifungua mdomo. Lakini alikuwa amenunua godoro kubwa, bado lipo kwenye nailoni yake, limeegemea ukuta. Unamwambiaje mtu ambaye tayari ana godoro?

Jumamosi tulirudi shambani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tanuri, nikatoa kisanduku, na ndani ya daftari lake nikaandika kwa Kiingereza, lugha ambayo niliona haina fimbo ndani yake. Niliandika kwamba nimempiga bata kwenye cheti cha ndoa cha mama yangu na sasa baba yangu atakaa miaka kumi, tafadhali mwenye bata naomba amtoe. Sikuandika jina. Chini yake, kwa mazoea tu, nikagonga twiga wangu.

Wajinga ndio waliwao. Kila mtu pale alijua kile kiti ni cha nani.

Fundi Gurdev alikuwa na kawaida ya kukagua visanduku kabla ya chai, asije mtoto akaacha wino wazi. Nilimwona akiinama kwenye tanuri, nikamwona akisoma, akatoa penseli sikioni na kuandika. Halafu akaja nilipokuwa nimejikunyata kando ya ndoo ya chokaa, harufu yake imenijaa puani, akanifungulia daftari mbele ya uso. Chini ya maneno yangu ya Kiingereza alikuwa ameandika Kiswahili, herufi kubwa za seremala: BATA HAWEZI KUFUTA. MAMA ANAWEZA.

Nikaanza kulia. Nikamwomba amwambie Mama yeye, kwa kuwa yeye ni mkubwa. Alikataa papo hapo. Akasema alishawahi kukata boriti fupi, kijana bado, akanyamaza kwa kuogopa babake, wakaipandisha paa nzima juu yake. Kuishusha ilikuwa kazi ya mwezi.

"Miadi ya baba yako ni lini?" aliuliza.

"Alhamisi ijayo."

"Basi paa haijapanda. Nenda sasa hivi. Mimi nitasimama pale mlangoni, lakini sitasema neno."

Mama alikuwa dimbwini, sketi imepandishwa, miguu ndani ya udongo mpaka chini ya magoti, akikanyaga na kuimba. Nilisimama ukingoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemjibu mwanamke huyu kwa Kiingereza tu, hata alipokuwa akiniuliza kwa Kiswahili, hata aliponisihi. Sijui kwa nini siku hiyo kilitoka kile kingine.

"Mama, nimeharibu karatasi ya Baba."

Aliacha kukanyaga. Nikamwambia yote, chifu, kisima, bundi, tanuri, kwa Kiswahili kibovu kilichochanganyika na kamasi, nikamaliza kwa twiga. Akakaa. Akakaa palepale, ndani ya udongo, na sketi yake nzuri, na mimi nikajua nimemuua.

Halafu akanyoosha mkono, akasema nimletee simu.

Aliipiga kwa vidole vya matope, akaiweka sauti ya juu kwa sababu hakutaka kuishika sikioni. Baba akaitika kwa furaha, si siku yetu ya kupigiana hiyo. Mama akamwambia kwa sauti kavu aifungue ile bahasha. Baba akabisha, si aliambiwa Alhamisi? Mama akasema fungua. Tukasikia selotepu ikichanika, ndefu, haiishi. Mlangoni Fundi Gurdev alikuwa amesimama kama alivyoahidi, anatazama dari.

"Mama Wanja," Baba alisema mwishowe. "Huyu ni bata?"

Mama akafunika mdomo. Nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini kulikuwa na kingine ndani yake kinachosukuma kutoka.

"Na hiki kiti ni cha nani?" Baba akauliza.

Hapo akacheka. Mama yangu alicheka ndani ya lile dimbwi hadi wazee wa Kizungu wakaja kutazama, na Baba akaanza kucheka kule Nakuru bila kujua anacheka nini. Walipotulia akauliza kwa upole ni nani aliyefanya, na Mama akanisogezea simu. Nikamwambia nilikuwa nautafuta muhuri wake. Nilimsikia akivuta pumzi puani.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Cheti kina nakala kwa msajili. Ningekifungulia kule dirishani kwa watu wa viza Alhamisi, tungekwisha. Sasa nina siku nne. Umekula?"

"Bado," nikamjibu. "Lakini nitakula."

Mama alinivuta nikaingia naye matopeni, na viatu vyangu vya shule. Kofi nililolitarajia halikuja. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanipaka udongo masikioni na shingoni, akaniambia mficha uchi hazai, na kwamba nikimficha tena jambo nitamtambua yeye ni nani. Nikaahidi. Nilikula sandwichi nne siku hiyo, na Fundi Gurdev akanipa na yake.

Jumatatu Baba alikuwa Nairobi, mlangoni kwa msajili kabla ya mlinzi. Wakamzungusha, njoo saa sita, njoo kesho, aliye na ufunguo wa kabati ametoka. Alijikaza. Jumatano tukiwa kwenye basi Mama alipokea simu, akasikiliza, akaegemeza kichwa kwenye dirisha na kufumba macho. "Anayo," aliniambia. Tukapitiliza vituo viwili.

Majibu yalichukua wiki nyingi, na zote nilizilala usingizi wa mtoto, kwa sababu zigo lilikuwa limeshashuka mgongoni mwangu hata kama mambo yangekwenda kombo. Hayakwenda kombo. Uwanja wa ndege nilimtambua kabla hajanitambua, na sura yake ilirudi kichwani mwangu yote kwa pamoja, kama mtu aliyewasha taa. Alipiga magoti, akanipangusa machozi kwa kile kidole, na kilikwaruza vilevile. Nilimwomba anionyeshe muhuri wake. Akafungua pasipoti. Kialama kidogo, wino umefifia, hakuna hata mnyama. Nilisikitika kusema kweli. Bata wetu alikuwa muhuri zaidi ya ule.

Jumamosi tukampeleka shambani. Alisalimiana na Fundi Gurdev kwa mikono miwili, wakaulizana habari za Kisumu na Nakuru. Akatazama ukuta wa mkewe, akaupigapiga, akasema huu hauanguki leo. Halafu akaniambia nimpeleke kwa bata.

Nilimhesabia hatua, nikatoa tofali, nikafungua kisanduku. Alisoma maneno yangu ya Kiingereza taratibu, akasoma ya penseli chini yake. Nikamweleza sheria: kila anayefika lazima agonge muhuri wake. Akasema yeye hana muhuri. Nikamwambia basi haihesabiki.

Baba akafikiri kidogo. Akabonyeza kidole gumba chake kwenye wino, kile kipana, akakilaza chini ya twiga wangu na kukigandamiza. Alipokiinua ilibaki mistari yote, na ule mpasuko katikati. Akaniomba kalamu, na pembeni yake akaandika: Nimefika.